Kujifunza Hisabati Bila Mwalimu Pamoja na Wenzako: Namna ya Kulinda Hamu Isikatike

Mtu anayejifunza hisabati nje ya darasa ana shida moja ambayo mwanafunzi wa shule haijui: hakuna anayemngoja. Akipitisha siku tatu bila kufungua kitabu hakuna wa kumuuliza, na akikwama kwenye ukurasa wa arobaini hakuna atakayejua kwamba alikwama, wala kwamba aliacha. Ndiyo maana wengi hutafuta wenzao wa kusoma nao, na shauri hilo ni jema. Hata hivyo, vikundi vya namna hiyo huvunjika mapema mno, na sababu inayotajwa karibu kila mara ni uvivu au kukosa muda.

Sikubaliani na sababu hiyo. Nimewahi kuwa katika vikundi vitatu, na viwili kati yake vilikufa. Nilipokaa kuvifikiria baadaye niliona kwamba vilikufa kwa njia ileile: mmoja wetu aliacha kuelewa katika wiki ya tatu, akaona haya kusema, akaendelea kuitikia kwa kichwa hadi wiki ya sita, kisha akaanza kuleta udhuru. Siku alipoleta udhuru wa kwanza, hamu yake ilikuwa imekwisha kuondoka zamani. Katika kikundi kimoja, mtu huyo nilikuwa mimi. Mwongozo huu basi umejengwa juu ya jambo hilo moja: hamu ya hisabati hulishwa na kuelewa, na kikundi kinafaa kwa kadiri kinavyomfanya kila mmoja aelewe kwa akili yake mwenyewe. Kikimpa mtu hisia ya kuelewa ilhali hajaelewa, kinamdhuru kuliko upweke.

Hatua ya kwanza: anza peke yako kabla ya kumwita mtu

Kishawishi cha mwanzo ni kukusanya watu kwanza, kisha kuamua baadaye mtasoma nini. Geuza utaratibu huo. Kaa na kitabu kwa wiki mbili ukiwa peke yako, usome kurasa za mwanzo, ufanye mazoezi yake, uone kama kinakufaa. Kitabu cha kujifunzia bila mwalimu kinapaswa kueleza kwa maneno kabla ya kumwaga alama, kiwe na mifano iliyokokotolewa mstari kwa mstari, na kiwe na majibu ya sehemu kubwa ya mazoezi yake. Kisicho na majibu kinaweza kuwa kitabu kizuri sana mikononi mwa mhadhiri, lakini kwa mtu asiye na wa kumsahihisha kitamwacha gizani. Ukishachagua kimoja, vingine viweke kando. Kubadilisha vitabu kila mara kunafanana mno na bidii, na hapo ndipo kunapomlaghai mtu: amesoma sura ya kwanza ya vitabu vitano, na sura ya pili haijui hata moja.

Lengo nalo lisemwe kama kazi inayoweza kuonekana. “Nataka kuijua aljebra” si lengo, kwa sababu haitakuja siku utakayoamka ukasema umelifikia. “Nataka kuweza kuitoa kanuni ya mlinganyo wa kipeo cha pili kutoka mwanzo, bila kuikariri” ni lengo. Chukua mlinganyo x² + 6x + 5 = 0. Anayejua kukamilisha mraba ataongeza 4 pande zote mbili, apate (x + 3)² = 4, na hapo ataona kwamba x ni −1 au −5. Siku atakapofanya kazi hiyohiyo kwa herufi badala ya namba, kanuni nzima itazaliwa mkononi mwake, na furaha ya siku hiyo humsukuma mtu kwa muda mrefu. Malengo manne au matano ya aina hiyo yanatosha kwa miezi mitatu: kuthibitisha kwamba kipeuo cha pili cha 2 hakiwezi kuandikwa kama sehemu ya namba mbili kamili, kueleza kwa nini kugawanya kwa sifuri hakuna maana, kuonyesha eneo la duara linatoka wapi, na mengine yanayolingana na kitabu chako.

Hatua ya pili: chagua wenzako wachache, na mpimane kwa kazi

Watu watatu ndiyo idadi ninayoipendekeza. Wawili wanatosha pia, ila mmoja akiugua hakuna kikao. Wanne wanavumilika. Kuanzia watano, mtu anaweza kukaa kimya saa nzima bila kugunduliwa, na ukimya huo ndio ugonjwa tunaoukimbia.

Msiulizane kila mmoja amefikia kiwango gani, kwa sababu watu hujibu kwa kutaja madarasa waliyopitia, wala si mambo wanayoyakumbuka. Chagueni maswali kumi kutoka sura mbili za mwanzo wa kitabu, kila mmoja ayafanye peke yake kwa muda wa saa moja, kisha mlinganishe karatasi. Tofauti ya maswali mawili au matatu haina neno. Lakini mmoja akipata yote na mwingine akapata mawili, mtakuwa mwalimu na mwanafunzi hata kama mnaitana wenzi, na kwa kawaida mwalimu ndiye anayechoka kwanza. Linganisheni pia mwendo: mwenye saa kumi kwa wiki na mwenye saa tatu hawawezi kwenda njia moja hata wakipendana vipi. Rafiki wa karibu si lazima awe mwenzi mzuri wa masomo, na mara nyingine urafiki wenyewe ndio unaomzuia mtu kusema, “Hapa umekosea.”

Mkishakubaliana, andikeni makubaliano yasiyozidi ukurasa mmoja: siku na saa ya kikao, kurasa za kila wiki, wajibu wa anayekosa kikao, na tarehe ya kuamua upya kama mnataka kuendelea, tuseme baada ya wiki nane. Tarehe hiyo ina nguvu kuliko inavyoonekana, kwa sababu ahadi isiyo na mwisho humwogopesha mtu naye huikimbia kimyakimya, ilhali wiki nane kila mtu anaweza kuziona mwisho wake.

Hatua ya tatu: upweke utangulie, kikao kifuate

Katika miaka ya 1970, kwenye Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, mwalimu wa hisabati aitwaye Uri Treisman alitaka kujua kwa nini wanafunzi wengi weusi walikuwa wakifeli kozi ya kalkulasi ilhali wenzao wenye asili ya Kichina walikuwa wakifaulu. Walimu wengi walidhani kwamba tatizo ni hamu, au maandalizi duni, au malezi ya nyumbani. Treisman akawafuatilia wanafunzi 20 wa kila upande, akaangalia wanavyosoma, na dhana hizo hazikusimama. Hamu ilikuwepo, na familia zao ziliwaunga mkono. Kilichotofautiana ni mpangilio wa kusoma. Wanafunzi weusi kwa sehemu kubwa walisoma peke yao na kutenga kabisa masomo na urafiki, hata wakifeli hawakuwa na namna ya kujua mapema kwamba wenzao nao wanahangaika. Wale wa asili ya Kichina walisoma peke yao kwanza, kisha wakakutana, wakalinganisha majibu, wakasahihishana na kuulizana maswali ya mitihani ya nyuma, na kwa njia hiyo kila mmoja akajua amesimama wapi. Warsha alizozianzisha Treisman baada ya hapo, ambazo ziliwakusanya wanafunzi kushughulikia maswali magumu badala ya kuwarudisha kwenye masomo ya msingi, ziliinua matokeo yao kwa kiasi kikubwa.

Wengi wanaosimulia habari hiyo hushika neno “wakakutana” na kuliacha neno “kwanza”. Kikundi kinachofungua kitabu kwa mara ya kwanza kikiwa kimekaa pamoja huishia kumsikiliza aliye mwepesi. Kwa kikao cha dakika 90, kila mmoja awe ametumia angalau saa tatu peke yake, kalamu mkononi. Anayefika bila karatasi yenye majaribio yake asifukuzwe wala asisemwe. Akae pembeni kwa dakika ishirini za mwanzo, ajaribu swali moja, ndipo aingie kwenye mazungumzo. Utaratibu huo unamlinda yeye mwenyewe, kwa sababu maelezo ya jibu la swali ambalo hukuwahi kulihangaikia hupita masikioni kama upepo.

Katika saa hizo za upweke, weka kile ninachokiita daftari la kukwama. Ukilishughulikia swali kwa dakika 30 au 40 bila kusogea, usiendelee kujitesa na usikimbilie jibu la nyuma ya kitabu. Andika swali lenyewe, njia ulizojaribu, mstari uliposimama, na unachodhani ndicho kizuizi. Kazi yote imo katika kutaja mstari. “Sielewi huu uthibitisho” hakumwelekezi mtu popote. “Naelewa kwamba a² ni shufwa, ila sioni kwa nini jambo hilo linailazimisha a iwe shufwa” ni swali linalojibika kwa dakika mbili, na mara nyingi anayeliandika hivyo hulijibu mwenyewe kabla hajalifunga daftari, kwa kuwa atajiuliza mraba wa namba witiri ni nini, aone kwamba daima ni witiri. Daftari hili ndilo tiketi yako ya kikao. Pia huondoa ile aibu ya kukwama, maana kukwama kumegeuka kuwa kitu ulichotumwa ulete.

Hatua ya nne: endesheni kikao kwa utaratibu unaojulikana

Dakika kumi za mwanzo vitabu vyote vifungwe. Kila mmoja aandike kutoka kichwani fasili mbili na hoja moja ya wiki iliyopita, kisha mbadilishane karatasi na kusahihishana. Zoezi hili huudhi, na ndiyo maana watu hupenda kuliruka. Mwaka 2006, wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio ambamo baadhi ya wanafunzi walisoma kifungu tena na tena, na wengine wakakisoma kisha wakajipima kwa kukikumbuka. Walipoulizwa baada ya dakika tano, waliorudiarudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya wiki moja, waliojipima waliwapita. Kinachonivutia zaidi ni kwamba waliorudia kusoma walikuwa na imani kubwa zaidi kwamba watakumbuka. Imani ya aina hiyo, isiyo na kitu chini yake, ndiyo inayokuja kumvunja mtu moyo wiki chache baadaye, anapokuta sura mpya inadai mambo aliyoamini anayajua.

Baada ya hapo, kila mmoja atoe jambo moja kutoka daftari lake la kukwama, na hapa pana kanuni ambayo nisingekubali ivunjwe: kalamu ishikwe na yule ambaye hajaelewa. Aliyeelewa aongee, lakini asiandike. Mwenye ufahamu akishika kalamu ataruka hatua tatu bila kujua, mwenzake atasema “aah, sawa”, na jambo litahesabiwa limekwisha. Asiyeelewa akishika kalamu, mkono wake utasita mahali penyewe palipo na giza, na wote watapaona.

Kutoa dokezo bila kutoa jibu ni ufundi unaojifunzwa, nao una ngazi zake. Anza kwa kumuuliza mwenzako anatafuta nini hasa, kwa maneno yake. Asipofika, mwambie ajaribu kwa namba ndogo. Kisha mwambie asome tena fasili kwa sauti. Mwisho kabisa mpe mstari wa kwanza tu, unyamaze. Tuseme mwenzako ameambiwa athibitishe kwamba jumla ya namba witiri za mwanzo ni mraba kamili, naye hajui aanzie wapi. Usimtajie kanuni yoyote. Mwambie aandike 1, kisha 1 + 3, kisha 1 + 3 + 5, kisha 1 + 3 + 5 + 7. Ataona 1, 4, 9, 16. Mwambie achore 9 kwa vitone, mistari mitatu ya vitone vitatu, na ajiulize anahitaji kuongeza vitone vingapi ili mraba wa tatu kwa tatu uwe wa nne kwa nne. Ataongeza vitatu upande mmoja, vitatu juu, na kimoja kwenye kona, jumla saba. Uso wa mtu anapoona saba hiyo ni namba witiri inayofuata ni malipo ya kikao kizima, na ungelikuwa umempokonya kama ungelimpa kanuni mapema. Nyamaza hata sekunde thelathini zikikuelemea. Kwa anayefikiri, ukimya huo si mrefu.

Kosa la mwenzako litazamwe kama mali ya kikundi. Mtu mmoja anaweza kukuambia, akiwa na uhakika kamili, kwamba ukizidisha namba tasa za mwanzo na kuongeza 1 utapata namba tasa, kwa kuwa ameona 2 × 3 + 1 = 7, na 2 × 3 × 5 + 1 = 31, na 2 × 3 × 5 × 7 + 1 = 211, na hata ile inayofuata, 2311. Zote ni tasa kweli. Mkiendelea hatua moja zaidi, 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 + 1 ni 30031, nayo ni 59 × 509. Aliyeleta kosa hilo amewafundisha wote kwamba hoja ya Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, kuhusu wingi usiokwisha wa namba tasa haidai kile walichodhani inadai. Inadai tu kwamba namba iliyopatikana ina kigawo tasa kisichokuwemo katika orodha. Angeliogopa kusema, kila mmoja angelibaki na kosa lilelile kichwani.

G. H. Hardy na J. E. Littlewood, wanahisabati Waingereza walioshirikiana kwa takriban miaka 35, husimuliwa kwamba waliwekeana masharti, na la kwanza lilikuwa kwamba anachomwandikia mwenzake si lazima kiwe sahihi. Chukueni sharti hilo kama lilivyo. Sharti lao la pili, kwamba anayepokea barua halazimiki kuijibu wala hata kuisoma, waachieni wenyewe. Liliwafaa watu wasiohitaji kusukumwa, nanyi mmekutana kwa sababu mnahitaji.

Yatazuka pia mabishano matamu yanayokula muda, kama lile la 0.999… kuwa sawa na 1. Sisemi yazuiwe. Mabishano ya aina hiyo ndiyo yanayomfanya mtu aiwaze hisabati akiwa njiani au kitandani, na kikundi kisicho nayo hata moja kwa mwezi kinaanza kukauka. Yapeni dakika kumi, kisha swali liandikwe kwenye daftari la pamoja lisubiri zamu yake. Katika mji wa Lwów, uliokuwa wakati huo Poland na sasa ni Lviv nchini Ukraine, mwanahisabati Stefan Banach na wenzake walikuwa wakikutana katika mkahawa ulioitwa Mkahawa wa Kiskoti, na tangu mwaka 1935 waliweka daftari moja la kuandikia maswali yaliyowashinda, mengine yakiahidiwa zawadi. Mwaka 1936 mmoja wao, Stanisław Mazur, aliahidi bata bukini hai kwa atakayejibu swali lake. Per Enflo wa Sweden alilijibu mwaka 1972 na bata wake akapewa. Daftari lenu halihitaji bata. Linahitaji tu kufunguliwa kila mwezi na kuulizwa kama kuna lililoiva.

Dakika kumi za mwisho kila mmoja achague swali moja lililotatuliwa katika kikao na aliandike upya kuanzia mstari wa kwanza, peke yake, bila kutazama. Mambo mengi yanayoonekana wazi mezani huyeyuka mlangoni, na ni afadhali yayeyuke mkiwa bado mmekaa.

Hatua ya tano: wekeni nafasi ya kubaki nyuma kabla mtu hajabaki

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Katika kikundi cha hisabati maradhi hayo ni kubaki nyuma, na mtu huyaficha si kwa unafiki, bali kwa sababu kuyataja kunaonekana kuwa ni kuwarudisha wenzake. Basi dawa isitegemee ujasiri wa mtu mmoja. Jambo la kwanza ni kwamba kila baada ya wiki tatu ifuate wiki moja isiyo na somo jipya, iliyoandikwa kwenye makubaliano tangu mwanzo. Hakuna anayeiomba na hakuna anayeisababisha. Inakuja tu, na kila mmoja huitumia kuziba mashimo yake. Jambo la pili ni kwamba mwisho wa kila kikao wote waandike kwa siri, kisha wafunue kwa pamoja, namba kutoka 0 hadi 3 kwa kila mada ya siku hiyo: 0 ni “sikushika chochote”, 3 ni “naweza kumfundisha mtu”. Asitaje mtu yake mapema, hasa aliye mwepesi, kwa sababu wengine wataifuata namba yake. Wawili wakiwa chini ya 2, wiki ijayo msisonge mbele. Akiwa mmoja tu, mwenzake mmoja amtengee nusu saa kabla ya kikao kijacho.

Ukiwa wewe ndiye uliyebaki, usijaribu kukimbiza sura wanayosoma wenzako kwa kukesha. Rudi nyuma ukurasa kwa ukurasa hadi ufike kwenye zoezi unaloweza kulifanya bila kutazama popote, kisha songa mbele kuanzia hapo. Utashangaa jinsi ufa ulivyo mbali na mahali unapoumia. Nimemwona mtu aliyeamini kwamba kalkulasi imemshinda, kumbe tatizo lake lote lilikuwa kuandika (a + b)² kuwa a² + b². Aliweka 3 na 4, akapata 49 upande mmoja na 25 upande wa pili, akacheka kwa hasira, na ndani ya siku tano alikuwa amewafikia wenzake. Si kila shimo huzibwa upesi hivyo, lakini shimo lililopatikana halitishi kama ukungu usiojulikana ulipoanzia.

Aliyetangulia naye ana hatari yake, ambayo ni kuchoshwa. Asiachwe awe mfafanuzi wa kudumu. Mpeni kazi zinazomgharimu: atafute njia ya pili ya kuthibitisha jambo lilelile, atunge maswali matatu ya kikao kijacho, au aandike uthibitisho wenye kosa lililofichwa vizuri ili wenzake walitafute. Kazi hii ya mwisho ni ngumu kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mtu hawezi kulificha kosa mahali ambapo hapaelewi.

Hatua ya sita: katikati ya wiki na siku za uzito

Kati ya kikao na kikao, mawasiliano yawe machache na ya kazi. Kila mmoja atume picha ya ukurasa mmoja alioufanya, mara mbili kwa wiki, bila maelezo na bila kuomba radhi kwa mwandiko. Kundi la ujumbe linalojaa salamu, vichekesho na video za kuhamasisha humpa mtu hisia kwamba amesoma. Mwenzako akinyamaza kwa siku tatu, muulize kuhusu ukurasa badala ya kumuuliza kwa nini amepotea: “Umefika zoezi la nane? Mimi limenikamata.” Swali la namna hiyo linamfungulia mlango wa kurudi bila kujieleza.

Siku ambayo moyo hautaki kabisa, usisubiri utake. Panga kiwango cha chini ambacho huwezi kukikosa: swali moja, dakika kumi na tano, na liwe swali unaloliweza. Kama mwenzako ana nafasi, pigianeni simu na mkae kila mmoja na karatasi yake bila kuzungumza. Inaonekana ajabu kukaa kimya na mtu kwenye simu, lakini sijapata njia nyingine inayoniondoa kitandani jioni ya siku mbaya. Uzito ukidumu zaidi ya wiki mbili, basi si suala la moyo tena. Angalieni kama kitabu ni kigumu mno, kama kurasa za wiki ni nyingi mno, au kama kuna 0 iliyoandikwa kuwa 2.

Hatua ya saba: pimeni kwa karatasi ya zamani

Karatasi zile za maswali kumi mliyofanya kabla ya kuanza zisitupwe. Wiki ya nane, fanyeni maswali yaleyale tena bila maandalizi, na muziweke karatasi mbili ubavu kwa ubavu. Maendeleo ya hisabati hayaonekani na anayeyapata, kwa sababu kila unachokijua hugeuka kuwa rahisi na kila usichokijua hubaki kigumu, hivyo daima unajiona uko palepale. Karatasi mbili huonyesha kitu ambacho kumbukumbu haiwezi: mahali ulipoandika mistari kumi na miwili na kukosea, sasa umeandika minne na kupata. Kuhesabu saa ulizosoma kunasaidia nidhamu, na wala sikatazi, ila saa hazijui kama umeelewa. Kuhesabu kurasa ni kubaya zaidi, maana humfanya mtu aruke mazoezi ili afike mwisho wa sura.

Hiyo ndiyo wiki mliyoandika kuamua upya. Kila mmoja aseme kama anaendelea, na anayetaka kuondoka aondoke bila kuombwa sababu, akiwa na nakala ya daftari la pamoja. Msimtafute wa kuziba nafasi yake siku hiyohiyo kwa hofu ya kubaki wawili. Malizeni kwanza sura mliyomo. Atakayejiunga afanye yale maswali kumi, apewe wiki mbili za kupitia mlikotoka, na katika kikao chake cha kwanza yeye ndiye ashike kalamu.